Gitaa la Besi Kusini: Vyombo na Wanamuziki wa Ridhaa katika Nachingwea na Ruangwa

Katika ala zote zilizoujenga muziki wa dansi nchini Tanzania, gitaa la besi ndilo ambalo historia yake haitenganishwi na historia ya umeme, ya barabara na ya umiliki wa mali, kwa sababu ni ala isiyoweza kusimama peke yake. Gitaa la solo lilikuwa na mtangulizi wake, gitaa kavu ambalo wengi walilizoea kwa jina la galatoni, kutokana na magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mtu aliweza kulibeba begani kutoka mjini, akalipiga barazani, na likasikika hadi nyumba ya tatu. Ngoma, kayamba na tarumbeta nazo hazikuhitaji zaidi ya mkono na pumzi ya mpigaji. Besi ya umeme ni ubao mzito wenye nyuzi nne nene, ambazo zikiguswa bila kuunganishwa na amplifaya, yaani kikuza sauti, hazisikiki vizuri hata kwa mtu aliyeketi hatua chache kutoka kwa mpigaji. Kwa hiyo mtu akitaka kujua nani alipiga besi katika kijiji fulani na kwa miaka ipi, hana budi kuuliza kwanza nani alimiliki vyombo, neno ambalo wanamuziki hulitumia kwa jumla ya magitaa, spika, vikuza sauti, madramu na nyaya.

Kata ya Mkotokuyana katika Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, pamoja na vijiji vya Ruangwa, ni mahali panapofaa kulifuatilia swali hilo, kwa kuwa ni nchi ya wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi, mahindi na mihogo, na muziki wake kwa sehemu kubwa umekuwa muziki wa ridhaa. Mwanamuziki wa ridhaa ni mtu anayepiga kwa mapenzi, hata kama atapewa posho ya usiku mmoja, huku riziki yake ikitoka shambani, darasani, dukani au kwenye cherehani. Historia zilizoandikwa kuhusu dansi zimewahusu zaidi watu wa Dar es Salaam, Morogoro, Tabora na Tanga, waliokuwa na kumbi, studio na majina kwenye santuri. Wapigaji wa ridhaa wa kusini wameachwa pembeni, ingawa wao ndio wanaoonyesha vizuri zaidi gharama ya kuupenda muziki mahali ambapo chombo ni adimu, na mapenzi yao kwa vyombo ni sehemu ya historia hiyo inayostahili kuangaliwa kwa uzito.

Sauti nzito haikuletwa kusini na umeme. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wa eneo hili walikuwa na ngoma za ukubwa tofauti tangu zamani, na katika michezo yao, sindimba ya Wamakonde ikiwa ndiyo iliyopata umaarufu wa kitaifa, ngoma ndogo hushika mwendo usiobadilika ilhali kubwa huzungumza na mchezaji, ikimwita, ikinyamaza, kisha ikimjibu kwa pigo moja linalotua pale nyonga inapotua. Jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaingiza vijana wa kiume na wa kike katika utu uzima, yaliipa kazi hiyo majira yake ya kila mwaka, hasa baada ya mavuno, ghala linapokuwa na chakula na familia ina uwezo wa kuwalisha wageni. Mpiga besi wa dansi aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji kufundishwa kwamba ukimya kati ya noti mbili ni sehemu ya wimbo. Hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya besi ya dansi la Tanzania isikike tofauti na ile inayotembea hatua kwa hatua bila kuacha pengo. Bendi kubwa za Dar es Salaam zenyewe zilikiri asili hiyo katika majina ya mitindo yao: msondo ni ngoma ndefu ya unyago, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo.

Mabadiliko ya kwanza makubwa katika uchumi wa Nachingwea yalikuja na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kusimamiwa baadaye na shirika la Overseas Food Corporation katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi huo ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36, na katika vitabu vingi hutajwa kama mfano wa mipango mibovu ya kikoloni. Kwa historia ya burudani, hata hivyo, athari yake haikuishia kwenye karanga zilizokauka. Ulileta mishahara ya fedha taslimu, karakana, matrekta, mafundi wa mitambo, na vibarua kutoka sehemu mbalimbali waliokutana katika kambi moja, wakiwa na jioni zao na siku za mapumziko. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya Mtwara, hadi Nachingwea. Nayo ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yake yakang'olewa, jambo lililoirudisha nchi hii katika utegemezi wa barabara za vumbi ambazo masika huzikata. Kwa mwenye kuhamisha vyombo vya muziki, tofauti kati ya behewa na lori lililokwama matopeni ni tofauti kati ya spika nzima na spika iliyopasuka.

Katika miaka hiyo hiyo santuri zilikuwa zimekwisha kuenea Afrika Mashariki, zikiwemo zile za mfululizo wa GV zilizobeba muziki wa Cuba, na ndizo zilizowafundisha vijana wengi namna nyingine ya kuweka noti nzito, kwa kuitanguliza kidogo kabla ya pigo la kwanza badala ya kuipiga juu yake. Salum Abdallah alipoanzisha bendi yake Morogoro mwaka 1948, jina la Cuban Marimba ambalo ilikuja kujulikana nalo lilitangaza wazi chanzo cha mvuto huo. Bendi za wakati ule, kuanzia Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 hadi Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ziliendeshwa kama vilabu: wanachama walichanga, klabu ikanunua vyombo, na wapigaji wakabaki makarani, makuli, mafundi seremala au watumishi wa nyumbani waliokutana kwa mazoezi baada ya kazi. Kwa maneno mengine, dansi la Tanzania lilizaliwa likiwa la ridhaa. Kilwa Jazz ina umuhimu wa pekee hapa, kwa sababu jina lake liliipa pwani ya kusini nafasi katika ramani ya muziki wa mji mkuu, kama vile Western Jazz ilivyowapa watu wa Tabora na Kigoma nafasi yao.

Besi ya umeme yenyewe ilikuwa bado changa. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alijaribu kuiuza katika miaka ya 1930 bila kupata wanunuzi wa kutosha, na ni Leo Fender wa California aliyefanikiwa mwaka 1951 alipotoa Precision Bass, gitaa lenye ubao mtupu usio na tumbo la wazi, nyuzi nne, na vyuma vidogo shingoni, viitwavyo freti, vinavyomwonyesha mpigaji mahali hasa pa kukanyaga. Kabla ya hapo sauti nzito ya bendi ilitoka kwenye besi kubwa ya kusimama, jamii ya fidla inayomzidi mtu kimo, ambayo orkesta za taarab za Zanzibar ziliipokea na kuihifadhi hadi leo. Ala hiyo ni nzuri mno kwa sikio, lakini ni ngumu kuipakia juu ya basi. Fender alifuata mwaka 1960 na Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi na sauti yenye makali, huku kampuni ya Höfner ya Ujerumani ikiwa imekwisha kutoa besi nyepesi yenye umbo la fidla. Wakongo waliitia besi katika rumba mapema: kundi la African Jazz la Joseph Kabasele lilipokwenda Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati wa mkutano wa uhuru wa nchi yao, Armand Mwango, aliyejulikana kama Brazzos, ndiye aliyeshika besi. Kupitia redio na santuri za Kinshasa, na baadaye kupitia wanamuziki wa Kongo waliohamia Tanzania katika miaka ya 1970, sauti ile ikawa kipimo ambacho kila bendi ilijipima nacho.

Inafaa kueleza kwa nini ala hii ilihitaji mtaji mkubwa kuliko ndugu zake. Uzi wa chini kabisa wa besi, ukifungwa kwa kawaida, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti yake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chini ya nyuzi hukaa pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, ambayo hugeuza mtikisiko wa chuma kuwa mkondo dhaifu wa umeme. Mkondo huo huenda kwenye amplifaya, kisha kwenye spika inayosukuma hewa. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hivyo ili besi isikike sawa na solo inahitaji nguvu nyingi zaidi za umeme, spika pana zaidi, mara nyingi ya inchi 15 au 18, na kasha kubwa la mbao nene lisilotetemeka ovyo. Besi ikiunganishwa kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo huweza kupasua karatasi ya spika. Bendi ya kijijini yenye kikuza sauti kimoja, ikiendeshwa kwa jenereta ya petroli iliyoazimwa, ililazimika kuchagua ni sauti ipi ikae nyuma, na aghalabu iliyopunguzwa ilikuwa besi, kwa kuwa ndiyo iliyokula nguvu nyingi kuliko zote.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda NUTA Jazz, bendi ambayo wapigaji wake waliajiriwa kwa mshahara na vyombo vyake vilikuwa mali ya chama. Mfano huo ulienea haraka: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, bendi za Jeshi la Kujenga Taifa, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, pamoja na bendi za kurugenzi za wilaya na mikoa. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri wa teksi, TTTS, na kuhamia mwaka 1983 kwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ilionyesha jinsi utaratibu huo ulivyoweza kuzaa muziki wa hali ya juu. Bila mashirika hayo, vijana wengi wenye vipaji wasingewahi kugusa besi halisi, kwa kuwa bei yake, ikijumlishwa na amplifaya, ilikuwa mbali na uwezo wa mshahara wa karani. Ndani ya utaratibu huo walikua wapiga besi waliosifiwa kwa miongo, kama Suleiman Mwanyiro, ambaye mashabiki wa bendi iliyozaliwa NUTA walimwita Computer.

Upande wa pili wa sarafu hiyo haujasemwa vya kutosha. Mpigaji aliyeajiriwa na shirika alikuwa fundi asiye na chombo. Aliporudi kijijini kwa likizo alirudi mikono mitupu. Alipogombana na uongozi alitoka na kipaji chake, gitaa likabaki stoo. Na bendi iliyovunjwa iliacha vyombo ambavyo vilifungiwa hadi panya na unyevu vikamaliza kazi. Mfumo wa vilabu wa miaka ya 1950, kwa umaskini wake wote, ulikuwa umempa mwanachama hisa katika chombo. Mfumo wa mashirika ulimpa mshahara ukamnyima hisa. Katika wilaya ya mbali kama Nachingwea, ambako walinzi wa vyombo walikuwa ofisi, chama au jeshi, kijana wa kijijini aliyeipenda besi aliiona siku za sherehe za kitaifa, ikiwa jukwaani, mikononi mwa mtu aliyevaa sare, na ikaondoka na lori usiku uleule. Mapenzi ya kupindukia kwa vyombo, ambayo watu wengine huyaona kuwa ni anasa au utoto, yana mzizi wake hapo: kumiliki besi yako mwenyewe kulikuwa na maana ya kuwa mwanamuziki hata siku ambayo hakuna ofisi inayokutambua.

Nachingwea ilikuwa na uzoefu mwingine wa muziki usiotegemea chombo. Kuanzia mwaka 1965 hivi, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilipata hapo kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi na kisiasa, katika sehemu ya mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga, mojawapo likijulikana hadi leo kwa jina la Farm 17. Na mwaka 1975 kiongozi wake, Samora Machel, alitokea upande huo wa Tanzania kuanza safari ya kuvuka Msumbiji kuelekea uhuru wa nchi yake. Kuimba kwa pamoja kulikuwa sehemu ya mafunzo ya wapiganaji, na katika uimbaji wa sauti nyingi za wanaume, sauti ya chini kabisa hufanya kazi ileile inayofanywa na besi katika bendi: huwaonyesha wengine mahali pa kukanyaga. Majirani wa kambi walisikia uimbaji huo kwa takriban miaka 10, na hakuna sababu ya kudhani kwamba masikio yao hayakujifunza kitu.

Fedha za kusini zimekuwa fedha za korosho, na muziki wake umepanda na kushuka pamoja na zao hilo. Msimu wa 1973/74 Tanzania iliuza takriban tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka Mtwara na Lindi, na bendi za mjini zilijua kupanga ziara za mikoani wakati wakulima wanapolipwa. Kisha uzalishaji ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kutokana na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua kabla hayajawa tunda. Miaka hiyohiyo nchi nzima ilikosa fedha za kigeni, hasa baada ya vita vya Kagera, na vifaa vya muziki vilikuwa mwisho kabisa katika orodha ya vitu vya kuagizwa. Seti moja ya nyuzi za besi ilitunzwa kwa miaka. Wapigaji walizichemsha nyuzi zilizokufa sauti ili kuondoa jasho na mafuta yaliyoingia kati ya mizunguko ya waya, njia inayojulikana na wapiga besi duniani kote, nazo zikarudi kulia kwa siku kadhaa. Uzi uliokatika karibu na kifundo ulifungwa upya. Vijana wasiokuwa na gitaa kabisa walitengeneza la kwao kwa dumu la mafuta au debe, ubao, na nyuzi zilizofumuliwa kutoka waya wa breki za baiskeli.

Magitaa hayo ya debe si vichekesho vya utotoni, na mwanahistoria wa muziki anakosea anapoyapita haraka. Nchini Malawi, vikundi vya mtindo wa kwela vya miaka ya 1950 na 1960 vilitumia besi ya uzi mmoja iliyotengenezwa kwa sanduku au ngoma kubwa, na muziki wao ulirekodiwa na kusifiwa nje ya Afrika. Mtoto anayevuta waya wa breki juu ya debe hugundua mwenyewe kwamba uzi mrefu hutoa sauti nzito, kwamba uzi mnene nao hufanya hivyo, na kwamba tumbo la chombo likiwa kubwa sauti hukua zaidi. Kanuni ya kwanza ndiyo ambayo Fender aliifuata alipoamua kuipa besi yake uzi wenye urefu wa takriban sentimita 86, wakati gitaa la kawaida lina kama sentimita 65. Wapigaji wengi wa ridhaa wa vijijini walianzia hapo, na waliposhika besi ya kiwandani kwa mara ya kwanza, mkono ulikuwa umekwisha kujua njia.

Kuna jambo lingine linaloifunga nchi hii na ala za dunia kwa namna ambayo wakazi wake wengi hawajaifaidi. Misitu ya Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa makao makuu ya mpingo, mti mgumu mweusi ambao Wamakonde wameuchonga kwa vizazi, na ambao viwanda vya Ulaya huutumia kwa klarineti na zumari za orkesta. Baadhi ya mafundi wa magitaa nao huupenda kwa ubao wa vidole, yaani sehemu ya shingo ambayo mpigaji hukanyaga nyuzi, kwa kuwa hauliki upesi na hauvimbi sana kwa unyevu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachothibitisha uvunaji endelevu wa msitu wa kijiji, hatua iliyowawezesha wanakijiji kuuza mpingo wao kwa bei inayowastahili. Seremala wa Nachingwea au Ruangwa anayejua kuunganisha kitanda cha mninga bila msumari ana uwezo wa mkono unaotosha kutengeneza kasha la spika na hata mwili wa besi. Kinachokosekana ni vile vipande vidogo vya chuma, sumaku na waya, pamoja na vipimo vya freti, na hivyo vyote hununuliwa. Ni aibu kwamba mti unaotoka nyuma ya nyumba ya mtu humrudia ukiwa katika ala ambayo hawezi kuimudu.

Vyombo vya umeme vilivyodumu zaidi vijijini vilikuwa vya makanisa. Wabenediktini walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906, na Waanglikana walikuwa Masasi tangu 1876, hivyo uimbaji wa sauti nne ulikuwa na mizizi ya muda mrefu katika ukanda huu kabla kwaya hazijaanza kutumia magitaa ya umeme na vinanda katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Kwaya ilikuwa na mambo ambayo bendi ya starehe haikuwa nayo: jengo lenye mlango unaofungwa, kamati inayochanga, na ratiba ya kila juma isiyotegemea kiingilio. Mpiga besi wa kwaya alifanya mazoezi mara kwa mara kuliko mwenzake wa baa, na wengi waliopiga dansi mjini walikuwa wamejifunza kanisani. Katika jamii ya Kiislamu, ambayo ni kubwa kusini, vikundi vya taarab vilifanya kazi inayofanana na hiyo kwenye harusi.

Miaka ya 1990 ilileta mshindani ambaye hakutarajiwa. Vinanda vya umeme vya bei nafuu viliweza kutoa ngoma, melodia na besi kwa pamoja, na vikundi vya mchiriku vya Dar es Salaam, kisha taarab ya kisasa iliyovuma baada ya kuanzishwa kwa kundi la TOT mwaka 1992, vilionyesha kwamba mtu mmoja mwenye kinanda na spika anaweza kufanya kazi ya watu watano. Kwa mwenye sherehe wa kijijini hesabu ilikuwa rahisi, na besi ya nyuzi ikapoteza kazi nyingi. Bendi zilizoshikilia vyombo, kama Kilimanjaro Band, maarufu kwa jina la Wana Njenje, ambayo besi yake ilishikwa kwa miaka mingi na Keppy Kiombile, zilibaki shule kwa wale waliotaka kusikia kidole kikigusa uzi. Kidole kinaweza kuchelewa kidogo kwa makusudi na kumsubiri mchezaji. Kinanda kilichopangwa kujiendesha chenyewe hakimsubiri mtu, na tofauti hiyo mchezaji wa sindimba huitambua kabla mwanamuziki hajaieleza.

Tangu mwanzo wa karne hii vikwazo vya zamani vimelegea kimoja baada ya kingine. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji uliacha kuwa mahali pa kusubiri kivuko, na mzigo wa Kariakoo ukaanza kufika Lindi na Nachingwea kwa utaratibu unaotabirika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kwa hatua ndefu umeme umeingia katika vijiji ambavyo sherehe zake zilitegemea jenereta. Mikorosho ilifufuliwa kwa salfa, unga unaopulizwa kwenye maua kuzuia ubwiriunga, na kwa mauzo ya mnada kupitia stakabadhi ghalani, ambayo katika Ruangwa, Nachingwea na Liwale husimamiwa na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Msimu wa 2017/18 taifa lilivuka tani 300,000. Besi za bei nafuu kutoka China na Indonesia zimeshusha gharama ya kuanza kiasi kwamba mkulima aliyeuza vizuri anaweza, kwa mara ya kwanza katika historia ya eneo hili, kununua gitaa la besi kwa mavuno yake mwenyewe bila idhini ya ofisi yoyote.

Mnunuzi huyo anapaswa kujua mambo ambayo zamani yalijulikana na fundi wa shirika peke yake. Shingo ya besi huvutwa na nyuzi kwa nguvu kubwa, na ndani yake mna fimbo ya chuma inayokazwa au kulegezwa ili isipinde, kazi inayohitajika zaidi katika nchi yenye kiangazi kikavu na masika mazito. Nyuzi zenye uso laini hutoa sauti ya mviringo iliyozoeleka katika dansi la miaka ya 1970, na zenye mikwaruzo hutoa sauti kali inayofaa muziki wa sasa. Fedha ikiwa haba, ni bora kununua gitaa la kawaida na spika nzuri kuliko gitaa la fahari na spika mbovu, kwa kuwa msikilizaji husikia spika. Wapigaji wa ridhaa hujadili mambo haya kwa saa nyingi wakati wa mazoezi, na mjadala huo ni elimu kamili, kwa kuwa kusini hakuna chuo cha muziki kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya Bagamoyo au chuo cha muziki cha Zanzibar, DCMA, na maarifa hupita kutoka mkono hadi mkono.

Jambo linalotakiwa sasa ni kumbukumbu. Wengi waliopiga katika bendi za vilabu wamekwisha kuondoka, na waliopiga katika bendi za mashirika na majeshi ni wazee. Maofisa utamaduni wa Nachingwea na Ruangwa, walimu wa shule za sekondari na viongozi wa kwaya wanaombwa kuwatafuta wapigaji hawa katika kata zao, Mkotokuyana ikiwemo, waandike majina yao, bendi walizopigia, vyombo walivyotumia na mahali vilipoishia. Na mwenye besi iliyovunjika shingo au kasha la spika lililooza stoo asiliuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla halijapigwa picha na kuandikwa.